Sauti Isiyopita

Sajini Hezron Silavwe alikuwa amenyoa shavu moja tu, mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye nguzo ya nyumba ya wageni ya serikali pale Galula, alipokisikia king'ora kwa masikio yake mwenyewe.

Kilianza chini, kama ng'ombe anayekoroma. Kikapanda taratibu, kikawa kilio chembamba juu ya ukungu, kikakaa huko kidogo, kisha kikashuka chenyewe mpaka kikanyamaza. Hezron alitazama saa yake. Saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa amehesabu sekunde kumi na mbili, na ameushika kwa macho upande ilikotoka sauti.

Mbele ya nyumba, mwanamke aliyekuwa akitoka kisimani alitua ndoo yake katikati ya njia na kukimbia. Mlango ukafungwa. Mwingine ukafungwa. Mtu aliyekuwa akipasua kuni aliliacha shoka likiwa limekita kwenye gogo. Katika dakika moja Galula nzima ilikuwa kimya, hata kuku walionekana kana kwamba wameambiwa wasiparure.

"Umesikia sasa, Sajini," alisema Osea Nzunda.

Osea alikuwa mnyapara wa mgodi wa Nsangano, kule nyuma ya Saza. Mwenyeji wa Mbozi, mtu mzima, mzee wa kanisa, kofia yake ya kaki haimtoki kichwani. Meneja wa mgodi alikuwa amempa lori na kumwagiza amsaidie polisi kwa kila atakachohitaji.

"Nimesikia," Hezron alijibu, akaendelea kunyoa. "Kila siku ni kifupi hivi?"

"Kilikuwa kirefu zaidi. Na kilikuwa kinalia mara tatu, mara nne kwa siku. Jana mara mbili."

Hezron alifuta wembe. Habari alizopewa Mbeya zilienea ukurasa mmoja. Jumatatu iliyopita, tarehe nne Juni, 1951, gari la wagonjwa la mgodi lilikuwa limembeba mchimbaji aitwaye Isaka, aliyebanwa na jiwe, kumpeleka hospitali ya Mbeya. Kwenye kona ya genge, juu ya Mto Songwe, gari liliacha barabara na kutumbukia korongoni. Isaka alikutwa ndani amekufa, akazikwa Jumanne. Dereva, Damiano Mgala, hakuonekana. Osea ndiye aliyeongoza msako siku ile ile, na ripoti yake ilimalizia hivi: dereva amechukuliwa na mto.

Jumanne asubuhi king'ora cha gari lile kikaanza kulia. Gari lenyewe lilikuwa limelala chini korongoni, magurudumu juu.

Leo ilikuwa Jumamosi. Wachimbaji walikataa kupita barabara ile. Familia tatu zilikwishahama Galula kuelekea Kamsamba kwa ndugu zao. Amri ya Hezron ilikuwa fupi: amtafute anayechezea king'ora, amkamate, watu warudi kazini.

* * *

Mhunzi wa Galula aliitwa Abrahamu. Hezron hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja nyuma ya kibanda cha kufulia chuma na kuinua gunia. Chini yake palikuwa na gurudumu la gari, betri, na taa moja ya mbele isiyo na kioo.

"Haya yametoka wapi?"

Abrahamu aliitazama taa kana kwamba ndiyo itakayojibu. "Korongoni, Bwana Sajini. Niliteremka Jumatano kwa njia ya chini, ya kufuata mto. Gari la marehemu nani atalitaka tena?"

"King'ora kiko wapi?"

"Sikukikuta."

"Abrahamu."

"Naapa kwa Mungu aliye hai! Nilikitafuta, maana chuma chake ni kizuri. Kilikuwa kimefungwa kwenye mlango wa dereva, kile chenye mkono wa kuzungusha. Mlango wenyewe haupo. Bawaba zimepindia nje, zimekatika."

Osea alicheka kidogo. "Mfunge huyu, Sajini. Ameiba mali ya mgodi, na king'ora anacho. Ukimtia ndani leo, kesho hutasikia kitu."

Hezron alimtazama Abrahamu mikono. Kisha akamtazama miguu. "Leo asubuhi saa moja na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Chini ya kitanda." Abrahamu alisema kwa aibu. "Mke wangu yupo, muulize. Tulikuwa wote."

Mke alikuwepo, na alithibitisha habari ya kitanda bila kuulizwa mara ya pili. Jirani naye alisema alikuwa amemsikia Abrahamu akisali kwa sauti kubwa wakati king'ora kinalia.

"Onyesha kidole," Hezron alimwambia mhunzi. "Sauti ilitokea upande gani? Usifikiri. Onyesha tu."

Abrahamu alionyesha. Hezron alitoa dira ndogo aliyorudi nayo kutoka vitani, akasoma, akaandika katika daftari.

"Kitu kingine," alisema Abrahamu, sasa akitaka kusaidia kadiri awezavyo. "Pedali ya breki, Bwana Sajini. Ilikuwa imefungwa kwa waya wa seng'enge. Fundi hafungi namna ile."

Hezron aliandika hilo pia. Osea alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kwenye lori.

* * *

Nyumba ya Damiano ilikuwa ya mwisho, karibu na barabara. Majamvi ya msiba yalikuwa bado uani, lakini waombolezaji walikuwa wamekimbia. Ferista, mke wa Damiano, alitoka akiwa amejifunga kaniki kiunoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alileta kigoda na maji kama inavyopasa. Osea alibaki kwenye lori. Alisema nyumba za msiba zimemchosha.

Mlangoni alikaa Bibi Yunisi, mama yake Damiano, mboni zake nyeupe kama maziwa. Alikuwa kipofu mwaka wa tisa sasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ni Mnamwanga. Nimesikia mdomo wako."

"Kweli, mama. Wa Tunduma." Hezron aliketi. "Wote wanafunga milango. Nyinyi je?"

"Mimi ninafunga," alisema Ferista, akitazama chini. "Watu wa mgodini walisema ukitazama kinakotoka, wewe ndiye unayefuata kufa. Nina watoto wawili."

"Mimi sifungi," alisema bibi kizee. "Nitazame nini na macho haya?"

"Basi niambie ulivyosikia."

Bibi Yunisi alipapasa fimbo yake, akaisimamisha katikati ya magoti.

"Gari la mwanangu nilikuwa nalijua kuliko nyimbo za kanisani. Likitoka Saza na mgonjwa, anazungusha king'ora kuanzia kule kilimani ili watu wapishe. Linapokuja, sauti ni nyembamba. Likifika hapa mlangoni na kupita, ghafla inanenepa, inakuwa nzito, inakwenda nayo. Kila gari ni hivyo. Likija ni lembamba, likienda ni zito."

Hezron aliacha kuandika. Alikuwa amewahi kukaa miezi sita katika bandari ya Ceylon wakati wa vita, na alijua ving'ora vya magari na ving'ora vya juu ya mapaa. Bibi huyu alikuwa amesema kweli tupu.

"Na hiki?"

"Hiki hakipiti, baba. Kinapanda, kinashuka. Kimekaa mahali pamoja. Nimewaambia, wananiambia niache, ni uchungu." Aligeuza uso upande wa korongo. "Na kila siku kinapungua. Jumanne kilikuwa na nguvu za mwanamume. Leo anayezungusha amechoka."

Ferista alifunika mdomo kwa kiganja.

"Onyesha kwa fimbo, mama."

Fimbo iliinuka bila kusita. Hezron alisoma dira. Akachora mstari, akaweka mstari wa Abrahamu, akaweka na wake mwenyewe, ule wa asubuhi kutoka nyumba ya wageni. Mistari mitatu haikuelekea barabarani, wala haikuelekea chini mtoni lilikolala gari. Ilikatana kwenye genge lenyewe, katikati, kati ya barabara na maji.

Alisimama haraka hata kigoda kikaanguka.

* * *

Walifika kwenye kona ya genge saa sita mchana, Hezron, Osea, na Abrahamu aliyepakiwa nyuma ya lori akiwa hajui kama ni mfungwa au msaidizi. Ukungu ulikuwa umeondoka juani, lakini korongoni ulibaki, umelala kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Mto ulinguruma chini. Mtu angeweza kupiga kelele kule mpaka koo lipasuke na wapita njia wasimsikie.

Hezron alilala kifudifudi ukingoni. Jabali lilikuwa na tumbo. Liliziba kila kitu kilichokuwa chini yake. Upande wa kushoto mzizi mnene wa mti ulitokeza nje ya ukingo, na kutoka pale huenda mtu angeona zaidi.

"Pale usiende," Osea aliwahi kusema. "Udongo umemomonyoka. Utaanguka."

Hezron aliita. Hakuna. Aliita tena. Kisha akatoa filimbi ya polisi, akapuliza mara tatu, ndefu.

Mto ukanguruma. Abrahamu akajipangusa jasho.

Halafu, chini ya miguu yao, ndani ya jiwe lenyewe ungesema, kitu kikakoroma. Hakikupanda kufika kilio. Kilizunguka mara mbili, tatu, kama mnyama anayejaribu kuamka, kikaacha.

Abrahamu alipiga magoti. Osea alirudi nyuma hatua mbili.

"Yu hai," alisema Hezron. "Abrahamu, unajua kuendesha lori? Hujui? Basi kimbia. Wanaume sita, machela, blanketi. Waambie ni amri ya serikali, na atakayejifungia ndani nitamvunjia mlango mimi mwenyewe. Kimbia!"

Kamba ya katani ya mgodi ilikuwa kwenye lori. Hezron aliizungusha kwenye shina la mti, akajifunga kifuani, akaning'iniza chupa ya maji shingoni. Ncha nyingine alimpa Osea.

"Tungoje hao watu sita," alisema Osea. "Hatari hii ya nini?"

"Umesikia ile sauti? Huyo hana saa moja ya kungoja. Legeza polepole."

Aliteremka akiegemeza buti kwenye mwamba. Alipopita lile tumbo, aliona. Palikuwa na kibao cha jiwe, upana wa kitanda. Juu yake ulilala mlango wa gari, na juu ya mlango alilala mtu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Kutoka ufa wa mwamba maji yalidondoka, tone kwa tone, ndani ya kofia ya dereva. Maganda ya ndizi zake za safari yalikuwa yamepangwa kando, yametafunwa hata hayo. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mkono wa king'ora, vidole vimechubuka hadi kwenye nyama.

"Damiano," alisema Hezron.

Macho yalifunguka. Hezron alimnywesha kidogo kidogo, akamzuia alipotaka chupa yote. Sauti ya Damiano ilikuwa imekwisha. Ilibaki pumzi tu yenye maneno ndani yake. Hezron aliinamisha sikio.

"Nani… yuko juu?"

"Usiogope. Ni Osea, mnyapara wenu. Ameshika kamba."

Vidole vilivyochubuka viliachia king'ora na kumkamata Hezron ukosi wa shati, kwa nguvu ambazo hakutarajia.

"Alinikuta," alipumua Damiano. "Siku ile ile. Jua halijazama. Alilala pale… kwenye mzizi. Akaniona. Nilimwita kwa jina. Akasema, 'Subiri.' Akaondoka."

Hezron aliinama zaidi.

"Nilimwambia Jumamosi iliyopita breki hazishiki. Akazifunga waya. Jumatatu nikakataa kuondoa gari. Akasema mgonjwa akifa ni juu yangu. Watu wawili tu tunajua." Alivuta pumzi. "Asubuhi kulikucha, sikuona mtu. Nikazungusha. Nikasikia milango… au nilidhani nasikia. Kila nikizungusha, hakuna anayekuja."

Kamba iliyokuwa kifuani mwa Hezron ilitikisika.

"Sajini!" Osea aliita kutoka juu. Kati ya maneno yake mto ulijaza nafasi. "Sajini! Yu hai?"

Hezron alitazama juu. Aliona kamba ikipotea nyuma ya tumbo la jabali, na anga kidogo. Hakuweza kumwona Osea, na Osea hakuweza kumwona yeye, ila kama angehamia kwenye mzizi. Kamba ilikuwa imelegea kuliko ilivyopaswa.

"Sajini! Anasema nini?"

Hezron aliweka kiganja juu ya mdomo wa Damiano, taratibu, akamnong'oneza: "Kuanzia sasa umekufa. Usipumue kwa nguvu mpaka nikuambie." Akavua koti lake la polisi na kumfunika kuanzia kichwani hadi magotini. Ndipo akaita kwa sauti ya juu kabisa:

"Amekufa! Amekata roho mikononi mwangu! Hakusema neno!"

Vipande vya udongo vikaporomoka upande wa kushoto. Osea alikuwa amekwenda kwenye mzizi. Hezron aliinamisha kichwa, akafumba mikono kama anayesali. Alihisi macho yale kisogoni mwake. Chini ya koti, kifua cha Damiano hakikuonekana kupanda.

"Mungu amlaze pema," alisema Osea hatimaye. Kamba ikakazwa. "Panda basi, Sajini. Maiti tutaifuata kesho."

"Nitakaa nayo. Ni utaratibu wa polisi. Tungoje machela."

Walingoja saa nzima na zaidi. Nzi walikuja. Hezron aliwafukuza kwa kofia yake, maana mtu aliyekufa hawezi kuwafukuza. Mara moja Damiano alianza kukohoa, na Hezron akakohoa naye, kwa nguvu, ili kikohozi kiwe kimoja. Osea hakuita tena. Alikuwa ameanza kuimba wimbo wa maziko, taratibu, na mwangwi wa korongo uliurudisha kutoka ng'ambo ya mto kana kwamba kuna mtu mwingine kule anayemwitikia.

Hatimaye zilisikika sauti za watu wengi, na kati yake sauti ya mwanamke.

"Wapi? Yuko wapi mume wangu?"

"Shemeji, pole," Osea alisikika. "Tumechelewa. Amefariki sasa hivi."

Kilio cha Ferista kilitoka kifuani kama kitu kilichopasuka. Kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Chini ya koti mwili mzima wa Damiano ulitetemeka. Hezron alimbana kwa mikono yote miwili.

"Bado," alimnong'oneza. "Bado, ndugu yangu. Vumilia."

Machela iliteremshwa. Hezron alimfunga Damiano kwa kamba, uso umefunikwa, ule mguu ameukaza kwa ubao na mshipi wake. Wanaume sita walivuta. Damiano hakutoa sauti hata machela ilipogonga mwamba. Walipokwisha kumtoa, waliteremsha kamba, na Hezron akapanda. Alipoweka goti ukingoni jasho lilimtiririka machoni, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kichwa cha Osea kisicho na kofia.

Mnyapara alikuwa amesimama kando ya machela, wanaume wote wameinama nyuma yake. Ferista alikuwa amelala chini, uso kwenye vumbi.

"Ee Bwana," Osea alikuwa akiomba, macho amefumba, "umpokee mtumishi wako Damiano, aliyefia kazini. Umsamehe makosa yake, hasa uzembe wake…"

Hezron aliupita umati bila haraka. Aliushika mkono wa kulia wa mnyapara, uliokuwa umeinuliwa, akaushusha kama anayemsaidia mzee. Pingu ikalia. Akaushika wa kushoto. Ikalia tena.

Osea alifumbua macho. "Nini hiki, Sajini? Katikati ya maombi?"

"Endelea," alisema Hezron. "Aliyefia kazini. Nani alikuwa shahidi?"

Aliinama na kulivuta koti.

Wanaume sita walirudi nyuma wote pamoja, mmoja akaanguka. Abrahamu alilitaja jina la Yesu. Damiano alikuwa akimtazama mnyapara wake kutoka chini, midomo imepasuka, na watu wote walinyamaza ili wasikie ile pumzi.

"Nilisubiri," alisema.

Osea alitazama barabara upande mmoja na upande wa pili, kisha akakaa chini vumbini na pingu zake, kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu.

Ferista alikuwa ameinua kichwa. Hakupiga kelele. Alitambaa mpaka kwenye machela, akaugusa uso wa mumewe, shavu moja, la pili, paji. Akaushika ule mkono uliochubuka, akaugeuza, akauona. Akachukua chupa ya maji mikononi mwa Hezron bila kuomba.

Alipokwisha kumnywesha, aligeuka.

"Ulijua tangu saa ngapi kwamba yu hai?"

"Tangu saa sita na nusu," alisema Hezron.

"Ulinisikia ninalia?"

"Nilikusikia, dada."

Hezron alikuwa na la kueleza kuhusu kamba, kuhusu mzizi, na kuhusu mtu mmoja aliyekuwa peke yake juu ya ukingo. Lakini Ferista hakungoja aseme. Alijifunga upya ile kaniki, akainama, akashika pembe moja ya machela.

"Inueni," aliwaambia wanaume. "Mnasimama nini? Mbeya ni mbali."